Jiwe Haliui, Kuziba Ndiko Kunakoua

Katika vijiji vya Mazinde, mtoto wa kiume wa miaka minne akianza kulia kila anapokojoa, mkojo ukatoka kidogo, ukakatika, ukaanza tena, huku mwenyewe akiushika na kuuvuta uume wake, majibu huwa tayari kabla hajafikishwa zahanati. Jirani atasema ni kichocho, maana mtoto anashinda mferejini. Duka la dawa litasema ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kutoa vidonge vya siku tano. Bibi atakumbusha kwamba mchele wa juzi haukuchaguliwa vizuri, ulikuwa na mawe. Wazo kwamba huenda kuna jiwe limekaa kwenye kibofu au limekwama njiani huja mwisho, na likija mwisho, pengine figo imekwisha kuumia.

Bibi tumpumzishe mapema. Jiwe la kwenye mchele likimezwa hutoka na choo. Halina njia ya kufika kwenye figo. Jirani na mwenye duka la dawa ni wagumu zaidi kuwajibu, kwa sababu mara nyingi wako sahihi. Shida yote iko katika hiyo mara chache wanapokosea.

Mazinde ziko mbili. Ya chini ni kata ya wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu inayotoka Segera kwenda Same na Moshi. Katika karne ya 19 Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alijijenga pale ili akae kwenye njia ya misafara, na baadaye zikaja reli na mashamba ya mkonge. Ya juu, Mazinde Juu, iko Lushoto, na wengi nje ya Tanga wanaifahamu kwa shule yake ya wasichana. Kati ya hizo mbili kuna ukuta wa mlima. Juu kuna ukungu, mboga na baridi. Chini kuna jua kali na mvua haba, kwa kuwa Usambara huzikamua pepo za baharini kabla hazijavuka. Kwa mada hii tofauti hiyo ina uzito wake. Mtoto anayetoka jasho kutwa, shuleni hakuna bomba, akanywa maji mara moja tu arudipo nyumbani, hukojoa kidogo, na mkojo mchache ni mkojo mzito.

Mkojo hubeba madini na taka zilizoyeyuka: kalsiamu, oksaleti, fosfati, asidi ya yuriki. Zikizidi kiasi ambacho maji yaliyopo yanaweza kuyeyusha, hugandamana kuwa punje, na punje hukaribisha punje nyingine. Mwili una kinga yake. Sitreti iliyomo kwenye mkojo huishika kalsiamu isiungane na oksaleti, na ndiyo maana daktari akimwambia mzazi ampe mtoto maji mengi na machungwa, tena machungwa ya Muheza yako jirani, hamaanishi vitamini peke yake.

Tuseme ukweli: mawe ya njia ya mkojo kwa watoto si ugonjwa wa kila siku Tanzania. Madaktari waliofanya kazi Afrika kusini mwa Sahara katika karne iliyopita walishangaa jinsi yalivyokuwa nadra huku, wakati Uturuki, Pakistani, India na Sudan yalikuwa mengi. Lakini uchache huo nao una hatari yake, kwa sababu ugonjwa usioonekana mara kwa mara hautafutwi. Tabibu aliyeona watoto mia wenye kichocho na mmoja mwenye jiwe atatibu kichocho kwanza, na huwezi kumlaumu. Unachoweza kumdai ni hatua ya pili, pale dawa ya kwanza inaposhindwa.

Historia ya nje inatusaidia kuelewa nani yuko hatarini. Huko Norfolk, Uingereza, mawe ya kibofu yalikuwa tele kiasi kwamba hospitali ya Norwich, iliyoanzishwa mwaka 1771, ilipata sifa kwa upasuaji wake wa mawe, na karibu nusu ya waliopasuliwa walikuwa watoto. Kaskazini mashariki mwa Thailand, katika karne ya 20, watafiti walikuta vichanga wakilishwa wali wa kunata tangu wiki za mwanzo za maisha. Sehemu hizi mbili zilifanana kwa jambo moja: nafaka tupu, maziwa haba, maji haba. Lishe kama hiyo humnyima mtoto fosfati na kuujaza mkojo wake chumvi za asidi ya yuriki. Lishe ilipoboreka, mawe ya kibofu ya watoto yalipungua Ulaya yenyewe bila dawa yoyote kugunduliwa. Mama wa Mazinde anayeanza kumpa mtoto uji mwepesi wa mahindi akiwa na miezi miwili au mitatu, kwa kuwa yeye anaamkia shambani, hajui kwamba yuko katika historia hiyo. Ushauri wa kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 hutolewa kliniki kwa ajili ya kuhara na utapiamlo. Unafaa kwa figo pia.

Mfano mwingine ni wa karibuni na wa aibu. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga ya watoto, yakiwemo ya kampuni ya Sanlu, yalikutwa yametiwa melamini ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto wapatao 294,000 waliathirika na 6 walithibitishwa kufa. Wengi wao walikuwa na mawe laini kwenye figo, na wengi walipona kwa maji mengi na uangalizi. Waliokufa hawakuuawa na ukubwa wa jiwe. Njia ya mkojo ilizibwa na figo zikasimama.

Na hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Jiwe lililotulia ndani ya figo linaweza kukaa miezi bila mtoto kulalamika. Taabu huanza linapohama. Likishuka kwenye mrija unaotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, mrija ambao kwa mtoto ni mwembamba sana, hukwama kwa kawaida pale figo inapokutana na mrija, pale mrija unapovuka mishipa mikubwa ya nyonga, au pale unapoingia kibofuni. Mkulima wa mpunga wa Mombo hahitaji kuelezwa kinachofuata: lango likifungwa chini, maji hupanda nyuma. Figo haiachi kutengeneza mkojo, mkojo hauna pa kwenda, figo inatanuka. Shinikizo hilo likiondolewa baada ya siku chache, figo hurudia hali yake. Likikaa wiki nyingi, sehemu zinazochuja damu hufa, na zikifa hazioti tena.

Ubaya wake ni kwamba figo inapochoka, maumivu nayo hupungua. Mzazi anaona mtoto ametulia, anamshukuru Mungu, anaahirisha safari ya Korogwe.

Tena mtoto mdogo halalamiki kama mtu mzima. Mtu mzima mwenye jiwe atakuonyesha kiuno na kinena, atagaagaa. Mtoto wa miaka mitatu atasema tumbo linauma, atatapika, atakataa kula. Kwenye zahanati hiyo ni picha ya minyoo, ya malaria, ya chakula kibaya. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoka hasi, hatua ya busara ingekuwa kuomba mkojo wake kwenye kikopo safi na kuchovya kijiti. Damu au usaha kwenye mkojo wa mtoto anayetapika bila malaria ni habari ambayo haifai kuachwa hivi hivi. Kijiti ni cha bei ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukumbuka kukitumia, au boksi lenyewe limekwisha tangu mwezi uliopita.

Madhara ya pili, na ndiyo yanayoua haraka, ni kuziba kukikutana na maambukizi. Mkojo uliotuama juu ya jiwe ukiingiwa na bakteria hugeuka usaha. Homa hupanda, mtoto hutetemeka, anakuwa mlegevu, na bakteria huingia kwenye damu. Antibayotiki hapa peke yake haitoshi, kwa sababu hupelekwa na damu, na figo iliyovimba kwa shinikizo haipokei damu ya kutosha. Usaha lazima utolewe, ama kwa mrija mdogo unaopitishwa kibofuni kwenda juu, ama kwa mrija unaochomwa mgongoni hadi kwenye figo. Hiyo si kazi ya zahanati wala ya kituo cha afya. Kazi yao ni kutambua, kuanza sindano, kutundika dripu na kuita gari.

Yako pia maambukizi yanayojenga jiwe badala ya kulifuata. Bakteria aina ya Proteus huvunja urea, huondoa asidi ya mkojo, na katika mkojo wa namna hiyo jiwe la magnesiamu na amonia hukua kwa kasi hadi likajaza vyumba vya figo kwa matawi yake. Bakteria hubaki ndani ya jiwe, dawa haiwafikii. Mtoto anapewa vidonge, homa inashuka, baada ya mwezi inarudi. Familia inasema mtoto ana UTI sugu. Kwa maoni yangu hilo neno sugu, likitamkwa juu ya mtoto, lingepaswa kuwa amri ya altrasaundi. UTI inayorudi mara ya tatu ina sababu: jiwe, mrija ulioumbika vibaya, mkojo unaorudi juu, au kwa watoto wa kiume, vikunjo vya kuzaliwa navyo vinavyoziba njia chini ya kibofu. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wako kwenye kundi hilo hilo, kwa sababu kibofu chao hakijimwagi chote, na mkojo unaobaki ni shamba la bakteria na mawe.

Mtoto akiwa na figo moja, au mawe yakiziba pande zote mbili, mkojo unakoma kabisa. Potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Zamani hiyo ilikuwa hukumu ya kifo kwa mtoto wa kijijini. Tangu mwaka 2009 hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa na mpango wa kusafisha damu kwa kutumia utando wa tumbo, njia isiyohitaji mashine kubwa na inayomfaa mtoto mdogo, ili figo zilizosimama ghafla zipewe muda wa kuamka. Moshi iko kwenye barabara ile ile inayopita Mazinde. Mtoto anaweza kuokolewa, mradi afike.

Kwenye kibofu na njia ya nje mambo ni mengine. Watoto wa kiume huumia zaidi kwa kuwa njia yao ni ndefu na nyembamba. Jiwe la kibofu hufunga na kufungua mlango wa mkojo, ndiyo maana ya ule mkojo unaokatika na kuanza tena. Likishuka likakwama njiani, mtoto hatakojoa kabisa, na tumbo la chini litavimba likawa gumu. Hapo kuna jambo lisilofaa kufanywa hata kwa nia njema, nalo ni kujaribu kulichokoa jiwe kwa kitu chochote. Njia ikichanwa huacha kovu, na kovu hulifanya tatizo la wiki moja kuwa la maisha.

Yanayobaki ni ya polepole: figo yenye makovu, shinikizo la damu la utotoni, upungufu wa damu, mtoto asiyekua. Shinikizo la damu la mtoto karibu halipimwi katika huduma zetu za ngazi ya chini, na mara nyingi mkanda wa saizi yake haupo.

Nirudi kwa kichocho, maana hakuna mazungumzo ya mkojo wa damu kwenye mabonde ya Tanga yasiyopita hapo. Tanzania ni ya pili Afrika, nyuma ya Nigeria, kwa idadi ya watu wenye kichocho. Mifereji na madimbwi ni makazi ya konokono wa jamii ya Bulinus, na mtoto anayeogelea humo huingiwa na vimelea kupitia ngozi. Mayai hujipachika kwenye ukuta wa kibofu na mirija. Kwa kawaida damu ya kichocho huonekana mwishoni mwa kukojoa, na mtoto anaweza kuwa anacheza bila maumivu makubwa. Jiwe huelekea kuleta maumivu, kukatika kwa mkojo au kutapika. Lakini mipaka hii si ya kutegemea sana, kwa sababu kichocho chenyewe huweza kubana mirija kwa makovu, kutanua figo, na kuacha mahali pa jiwe kuanzia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna habari njema hapa, nayo ina mtego. Uchunguzi wa altrasaundi kwa watoto wa shule Pemba na pwani ya Kenya katika miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kwamba madhara mengi ya kichocho kwenye kibofu na figo za watoto hupungua au hutoweka baada ya prazikwanteli, dozi ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtego ni kwamba kwa kuwa dawa inafanya kazi, watu huacha kufuatilia. Mtoto anameza vidonge siku ya ugawaji shuleni, jina linawekwa alama kwenye daftari, basi. Damu ikiendelea baada ya wiki 6, hakuna daftari la hilo.

Juu ya chakula niseme kidogo, kwa kuwa maneno ni mengi kuliko ushahidi. Mchicha na karanga vina oksaleti, lakini kumkataza mtoto wa Usambara mchicha ni kumpotezea lishe bure. Mboga ikiliwa pamoja na dagaa au maziwa, kalsiamu huishika oksaleti tumboni na kutoka nayo. Maji ya kisima yenye chumvi hulaumiwa sana. Kunywa maji kidogo ni kosa kubwa kuliko kunywa maji magumu. Tunda la birimbi ndilo la kuangaliwa. Kama achari pembeni ya wali halina shida. Juisi yake nzito ni hadithi nyingine: huko Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kuinywa. Walioinywa walidhani wanajitibu.

Hospitali nayo inaweza kutengeneza jiwe. Seftriaksoni, ile sindano ya unga ndani ya kichupa ambayo siku hizi hutolewa kwa karibu kila homa kali, hutoka kwa sehemu kubwa kupitia figo na huungana na kalsiamu. Kwa watoto, hasa wakipewa dozi kubwa huku wamepungukiwa maji, imeshuhudiwa kuacha mchanga na mawe kwenye njia ya mkojo, na mara chache kuziba figo zote mbili. Mengi ya mawe hayo huyeyuka dawa ikikoma na maji yakiongezwa. Sindano hiyo imeokoa watoto wengi kuliko iliowadhuru, na sisemi ikataliwe. Nasema isitolewe kwa mafua, na mtoto anayepewa anyweshwe. Diklofenaki nayo isikimbiliwe kwa mtoto asiyekojoa vizuri. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo iliyo taabani.

Tiba yenyewe si muujiza. Jiwe lililo chini ya milimita 4 au 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji, dawa ya maumivu na subira yenye uangalizi. Jiwe la kibofu hutolewa kwa upasuaji ambao daktari mpasuaji wa hospitali ya mkoa anaumudu. Mawe ya figo na mirija huhitaji vifaa vya kuvunjia kwa mawimbi au kamera nyembamba, na kwa hilo mtoto wa Tanga huelekezwa KCMC au Muhimbili. Mrija wa plastiki unaowekwa ndani ili mkojo upite ni msaada mkubwa, lakini ni wa muda. Ukisahauliwa kwa mwaka, wenyewe hufunikwa na mawe. Mzazi asiondoke hospitali bila kuandikiwa tarehe ya kuutoa.

Na jiwe likitoka, lipelekwe kupimwa. Mtoto si mtu mzima aliyekunywa maji kidogo miaka ishirini; mara nyingi kuna hitilafu ndani ya mwili wake, kalsiamu nyingi kwenye mkojo, sitreti ndogo, au ugonjwa wa kurithi ambao ini huzalisha oksaleti kupita kiasi. Huo wa mwisho ni wa nadra, huonekana zaidi katika familia ambamo ndugu wa damu huoana, na huua figo mapema. Bila kuitafuta sababu, jiwe la pili lina nafasi kubwa ya kurudi ndani ya miaka michache.

Hesabu ya pesa ndiyo huamua mengi. Kutoka Mazinde ya chini ngazi ni zahanati, kituo cha afya Mombo, hospitali ya Magunga pale Korogwe, kisha Bombo Tanga mjini. Kutoka Mazinde Juu ni Lushoto au Bumbuli. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini nauli haimo, na kipimo kikikosekana hapo ulipo, sera haikusindikizi kwenda hospitali binafsi. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyoanza kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilikuwa nafuu ya kweli hadi usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023, kwa hoja kwamba wazazi walikuwa wakiwakatia watoto waliokwisha kuugua. Kwa upande wa mahesabu ya mfuko hoja ilieleweka. Kwa mtoto mwenye jiwe ilikuwa mlango uliofungwa. Kadi imerejeshwa baadaye, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaahidi zaidi.

Kabla ahadi hiyo haijafika kijijini, kuna mambo yanayowezekana sasa. Altrasaundi ni kipimo kisicho na maumivu wala mionzi. Kwenye skrini jiwe ni doa jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake, na figo iliyozibwa huonyesha vyumba vyeusi vilivyotanuka. Mtaalamu aliyezoea huliona ndani ya dakika chache. Tabibu wa zahanati aandike kwenye kadi ya kila mtoto aliyepewa prazikwanteli kwa mkojo wa damu: arudi baada ya wiki 6, damu ikiwepo, altrasaundi. Walimu waruhusu chupa za maji darasani na mtoto aende chooni anapohitaji. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kama lita moja ya vinywaji kwa siku, wa kilo 20 lita moja na nusu, na jua la Mazinde huongeza hesabu hiyo. Mkojo wake ukiwa wa rangi ya chai, hajanywa vya kutosha.

Nawe mzazi, mtoto akiwa na homa na maumivu ya ubavu au tumbo huku mkojo umepungua, au akipitisha saa 12 bila kukojoa, usingoje basi la asubuhi. Kodi gari usiku huo huo, na ukifika hospitali sema neno la kwanza: hakojoi.